Tabibu Ludwig Guttmann

Katika nchi ya Dutumi, upande wa Kibaha na Kisarawe, wako watu wapandao minazi na miembe ili kuangua matunda. Kazi hiyo yataka uangalifu, maana mtu akianguka kutoka juu aweza kuvunjika mgongo. Ndani ya mifupa ya mgongo umepita ugwe mnene wa mishipa ya fahamu, utokao katika ubongo. Kwa ugwe huo ubongo huiamuru miguu iende, na kwa huo ngozi hupeleka habari ya maumivu. Ukikatika, hata leo matabibu hawajapata dawa ya kuuunga tena, na mtu hupooza sehemu yote iliyo chini ya jeraha. Zamani, hata katika nchi zenye hospitali kubwa, mtu wa namna hiyo alihesabiwa kuwa amekwisha kufa. Mmoja wa watu walioigeuza fikira hiyo ni tabibu Ludwig Guttmann.

Guttmann alizaliwa tarehe 3 Julai 1899 katika mji wa Tost, uliokuwa wa Ujerumani siku hizo, na sasa ni wa Polandi. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Mwaka 1917, alipokuwa kijana, alitumika katika hospitali ya mji wa wachimba makaa. Siku moja akaletwa mchimba makaa mwenye nguvu nyingi, naye amevunjika mgongo. Guttmann akaambiwa asijisumbue kuandika habari zake, kwa kuwa hataishi. Na kweli, baada ya majuma machache yule mtu akafa. Jambo hilo lilimkaa Guttmann moyoni maisha yake yote.

Basi akasoma utabibu, akawa bingwa wa maradhi ya ubongo na mishipa ya fahamu katika mji wa Breslau. Lakini mwaka 1933 Hitler alishika utawala, na matabibu wa Kiyahudi wakafukuzwa kazini. Guttmann akaenda kutumika katika hospitali ya Wayahudi. Usiku wa tarehe 9 Novemba 1938 masinagogi yalitiwa moto, na Wayahudi wengi wakakamatwa. Guttmann akaamuru kila mwanamume atakayekimbilia hospitalini apokewe bila kuulizwa neno. Wakapokewa watu 64. Askari walipokuja siku ya pili, alipita nao kitanda kwa kitanda, akawatajia ugonjwa wa kila mmoja. Watu 60 wakaokoka. Mwaka 1939 akahamia Uingereza pamoja na mkewe na watoto wao wawili.

Vita Kuu ya Pili ilipokuwa ikiendelea, serikali ya Uingereza ilimpa wodi katika hospitali ya Stoke Mandeville. Kazi ilianza tarehe 1 Februari 1944. Wengi walidhani kuwa ni kazi bure. Lakini Guttmann alijua ya kuwa wagonjwa wale waliuawa hasa na vidonda vya kitandani na maradhi ya kibofu na figo. Mtu aliyepooza hasikii maumivu, kwa hiyo hajigeuzi. Mahali alipolalia hapapiti damu vizuri, na nyama huoza. Basi akaamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, naye mwenyewe alikuwa akija usiku kuangalia. Wauguzi walichoka, lakini amri haikulegezwa. Vidonda vikapona, na watu waliokatiwa tamaa wakaishi.

Guttmann hakuridhika waishi tu kitandani. Akawafundisha useremala na kutengeneza saa, wapate kujilisha. Akawapa na michezo, ili mikono na vifua vyao vipate nguvu. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, watu 16, wanaume 14 na wanawake wawili, walishindana kupiga mishale hali wameketi katika viti vya magurudumu. Mwaka 1960 walikusanyika Roma watu 400 wa nchi 23. Mwaka 1972 michezo ilifanyika Heidelberg, katika nchi ile ile iliyomfukuza, na watu wa Kenya na Uganda walikuwamo. Tanzania ilishiriki mara ya kwanza mwaka 1992, huko Barcelona.

Mwaka 1961 Guttmann alianzisha chama cha matabibu wa nchi nyingi wachunguzao maradhi hayo. Alifariki tarehe 18 Machi 1980.

Siku hizi Dar es Salaam wako mabingwa wa mgongo huko Muhimbili. Hata hivyo, majirani wa mtu aliyeanguka mnazini wanalo fungu lao. Wasimwinue kwa kumshika mikono na miguu, bali wamlaze juu ya ubao, bila kuukunja mgongo wala shingo, ndipo wampeleke hospitalini. Na akirudi nyumbani amepooza, ndugu zake wamgeuze kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, kama walivyofanya wauguzi wa Stoke Mandeville. Kazi hiyo haihitaji mashine. Yataka mikono miwili na subira.