Ng'ombe Hazeeki Maini: Maisha ya Mamo Wolde

Mhariri wa jarida letu aliniomba niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki. Najua wengi mlitegemea nitamwandika Mkenya, maana ukitoka hapa Kimilili ukapita Kitale mpaka Eldoret, ni kijiji gani utakachokosa mkimbiaji? Lakini mimi nimemchagua Mwethiopia, na sababu ninayo.

Nyote mnanijua kwa jina la Kuka. Sikupewa jina hilo na mama, nilipewa na nyinyi, kwa sababu nina miaka 21 na niko kidato cha tatu. Baada ya kidato cha kwanza nilikaa nje miaka minne kwa kukosa karo. Nilivuna mahindi ya watu upande wa Kitale, nikapakia miwa, nikachunga ng'ombe wa mjomba. Niliporudi, wale tulioanza nao walikuwa wamekwisha kwenda zao. Halafu mwaka huu ilipofika zamu ya kuchagua timu ya mbio za nyika, nilimaliza wa pili, lakini mwalimu wa michezo akatazama cheti changu cha kuzaliwa, akakirudisha polepole. Umri wangu umepita mpaka wa mashindano ya shule. Sikumlaumu, sheria ni sheria. Lakini usiku ule sikulala. Nilijiona mzee kweli kweli, na ndipo nilipokumbuka habari za Mamo Wolde, nikaanza kuzitafuta.

Mamo alizaliwa tarehe 12 Juni 1932 katika kijiji cha Waoromo, kiasi cha kilomita 60 hivi kutoka Addis Ababa. Mwaka wa 1951 alihamia mjini, akaingia katika kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie. Kikosi hicho ndicho kilichomlea pia Abebe Bikila, na tutamfikia huyo. Mamo alipelekwa Korea pamoja na majeshi ya Umoja wa Mataifa, akarudi salama, akaendelea na mazoezi ya mbio.

Mwaka wa 1956 Ethiopia ilishiriki michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza, kule Melbourne, Australia. Mamo alikuwamo. Sasa sikilizeni ajabu. Mtu huyu tunayemjua kwa marathoni alikimbia mita 800, mita 1500, na mbio za kupokezana za mita 400 kwa watu wanne. Hakupita raundi ya kwanza hata katika moja. Alikuwa na miaka 24. Kwa hesabu za watu wengi, huo ndio umri wa mkimbiaji kung'ara, na asipong'ara, basi arudi nyumbani akafuge kuku.

Mwaka wa 1960 michezo ilifanyika Roma na Mamo hakukimbia. Aliyekimbia ni Abebe Bikila, ambaye alishinda marathoni bila viatu, na dunia nzima ikalijua jina lake. Abebe alikuwa mwaka uleule wa 1932 kwa kuzaliwa. Fikirini basi: rika moja, kikosi kimoja, lakini mmoja anapokewa kwa shangwe na mwingine hajulikani hata jirani yake.

Tokyo, mwaka wa 1964, Mamo alikuwa na miaka 32. Katika mita 10,000 alimaliza wa nne. Ukitaka kujua uchungu, jaribu kuwa wa nne! Watatu wanapanda jukwaani, wewe unafunga kamba za viatu. Marathoni alianza, lakini hakuimaliza. Na nani aliyeishinda? Abebe tena, ambaye majuma machache kabla ya hapo alikuwa amepasuliwa tumbo kuondolewa kidole tumbo. Mimi nadhani mtu mwingine angekata tamaa papo hapo. Ana miaka 32, hana medali hata moja, na mwenzake ana dhahabu mbili.

Mamo hakukata tamaa. Akarudi Addis Ababa, mji ulio juu zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, akaendelea kupiga mbio zake. Ikawa bahati yake kwamba michezo ya 1968 ilipelekwa Mexico City, mji ulio juu mita 2,240. Kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi na pumzi humwishia haraka mtu aliyezoea pwani. Sisi tunaoishi miguuni mwa Mlima Elgon tunaelewa jambo hili bila kufundishwa. Mgeni kutoka Mombasa akija kucheza mpira hapa, utamwona kipindi cha pili amejishika kiuno.

Tarehe 13 Oktoba 1968 zikaja mita 10,000. Wakenya walikuwemo, Kipchoge Keino na Naftali Temu. Keino alikuwa mgonjwa wa kibofu cha nyongo na maumivu yalimwangusha kabla ya kumaliza. Temu na Mamo walibaki mbele. Mzunguko wa mwisho Mamo akachomoka, na bila shaka alidhani siku yake imefika. Kumbe Temu alikuwa bado na akiba. Akamfikia kwenye mnyoosho wa mwisho, akampita. Temu alitumia dakika 29 na sekunde 27.4, Mamo dakika 29 na sekunde 28.0. Sekunde haikutimia hata moja! Hiyo ndiyo iliyokuwa dhahabu ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki, na sisi tunaifurahia mpaka leo. Lakini siku hizi nikiisoma habari hiyo namtazama pia yule wa pili, mwenye miaka 36, ambaye ndiyo kwanza ameshika medali mkononi, nayo ni ya fedha.

Baada ya wiki moja tu, tarehe 20 Oktoba, siku ileile ambayo Keino aliwashangaza Wamarekani kwa kushinda mita 1500, marathoni nayo ikaanza. Ethiopia nzima ilimtazama Abebe ili alete dhahabu ya tatu. Lakini Abebe alikuwa ameumia mfupa wa mguu, na baada ya kilomita 17 hivi alilazimika kutoka. Husimuliwa kwamba kabla ya kutoka alimwambia Mamo kuwa yeye hawezi tena na kazi ya kushinda sasa ni yake. Jamani, huo ni mzigo. Kukabidhiwa jina la nchi katikati ya barabara, na kilomita 25 bado ziko mbele!

Mamo aliubeba. Alimaliza kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26.4. Wa pili, Kenji Kimihara wa Japani, alifika baada ya dakika tatu nzima na zaidi. Temu, aliyemshinda wiki iliyopita, alimaliza wa 19. Hivyo Ethiopia ikashinda marathoni tatu mfululizo, mbili za Abebe na moja ya Mamo. Miaka 12 tangu Melbourne! Hapo ndipo wahenga waliposema ng'ombe hazeeki maini.

Ingefaa hadithi iishie hapo, lakini Mamo hakustaafu. Mwaka 1969 Abebe alipata ajali ya gari iliyompooza miguu, na akafariki mwaka 1973. Mamo akabaki peke yake wa kizazi kile. Mwaka wa 1972, michezo ilipofika Munich, Ujerumani Magharibi, alikuwa amefikisha miaka 40. Kwa umri huo wazee wetu wengi hapa hukimbia tu mvua ikitaka kunyeshea mahindi yaliyoanikwa. Yeye alisimama kwenye mstari pamoja na vijana aliowazidi kwa miaka kumi na kitu.

Frank Shorter wa Marekani alishinda, Karel Lismont wa Ubelgiji akawa wa pili, na wa tatu akawa Mamo kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 8.4. Hebu tufanye hesabu. Muda huo ni bora kuliko ule wa dhahabu yake kwa zaidi ya dakika tano. Ni kweli Munich haina kimo cha Mexico City, hivyo hatuwezi kusema alikuwa na nguvu zaidi. Lakini pia hatuwezi kusema alikuwa amekwisha. Kabla yake ni Abebe peke yake aliyewahi kupata medali katika marathoni mbili za Olimpiki zinazofuatana. Na mwezi Januari 1973, kule Lagos, Mamo akashinda marathoni ya Michezo ya Afrika.

Sasa nafika mahali pagumu. Mlezi wa chama chetu aliniuliza kama singependa kumalizia kwenye medali. Nilifikiri siku mbili, nikaona nikifanya hivyo nitakuwa nimewadanganya.

Mwaka 1974 Haile Selassie alipinduliwa, na baadaye ukaja utawala wa Mengistu Haile Mariam. Katika miaka ya 1977 na 1978 watu wengi sana, hasa vijana wa rika letu, waliuawa katika kipindi kinachoitwa Ugaidi Mwekundu. Utawala huo ulipoanguka mwaka 1991, serikali mpya ilianza kuwakamata walioshukiwa. Mwaka 1993 Mamo alikamatwa, akashtakiwa kwamba alihusika katika kuuawa kwa mvulana wa miaka 15. Yeye alikana. Alisema alikuwapo kwa amri ya mkubwa wake, kwamba mwingine ndiye aliyempiga mvulana risasi, na kwamba yeye alipoamriwa kufyatua alikosesha shabaha kwa makusudi.

Alikaa kizuizini miaka tisa. Wanariadha wa nje walipiga kelele juu ya kesi yake kucheleweshwa, na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikaomba pia. Aliyejitahidi sana ni Kenny Moore wa Marekani, mwandishi, ambaye kule Munich alikuwa wa nne nyuma ya Mamo kwa kiasi cha nusu dakika. Yule aliyemnyima medali ndiye aliyempigania! Mwaka 2000 Mwethiopia mwingine, Gezahegne Abera, alishinda marathoni ya Olimpiki, ya kwanza kwa nchi yake tangu ile ya Mamo. Ilikuwa Sydney, Australia, nchi ileile alikoanzia Mamo miaka 44 nyuma. Siku hiyo mzee alikuwa ndani.

Mwezi Januari 2002 mahakama ilimpata na hatia, ikamhukumu miaka sita. Kwa kuwa alikuwa ameshakaa tisa, aliachiliwa. Hakupata muda wa kupumzika. Tarehe 26 Mei mwaka uohuo alifariki kwa saratani ya ini, akiwa na miaka 69.

Mimi si hakimu. Sikuwapo usiku ule, na nyinyi hamkuwapo. Ninachojua ni kwamba mvulana wa miaka 15 aliuawa, na mama yake alilia kama mama zetu wangelia. Tukimsifu Mamo, tusimsahau mtoto yule. Tena tusidhani mbio huosha kila kitu, wala kesi haifuti kilomita 42 zilizokimbiwa kwa miguu mbele ya macho ya watu. Mambo haya mawili yakae pamoja, hata kama hayapendezi kukaa pamoja.

Basi mimi nimejifunza nini? Nimejifunza kwamba umri ni kitu kimoja na kuchelewa ni kitu kingine. Angalieni hata juzi juzi, mwaka 2021, Eliud Kipchoge wetu aliposhinda marathoni ya Olimpiki huko Japani. Alikuwa na miaka 36, sawa kabisa na Mamo wa Mexico City. Laiti Mamo angepimwa kwa matokeo ya Melbourne, leo hakuna ambaye angemjua. Nimejifunza pia kwamba mtu anaweza kukabidhiwa kazi na mwenziwe aliyeumia, akaimaliza kwa niaba yake bila kulalamika kwamba yeye hakuwa chaguo la kwanza.

Kwa hiyo kila asubuhi, kengele kabla haijalia, mtaniona barabara ya kuelekea Kamukuywa pamoja na wadogo wangu wa kidato cha kwanza. Wao ndio watakaovaa fulana ya shule, mimi nashika saa. Wakichoka nawaambia habari za mzee wa Munich. Mwakani nitafanya mtihani wangu wa mwisho nikiwa na miaka 22, na baada ya hapo hakuna atakayeniuliza tena cheti cha kuzaliwa nikitaka kukimbia.

Endeleeni tu kuniita Kuka. Siku hizi nikiitwa hivyo naitika mara moja.

Ndimi wenu,
Kuka, Kidato cha Tatu