Mmisionari na Kamera Yake

Wiki hii nawaletea maisha ya mama mmoja ambaye wengi wetu tumeiona picha aliyoipiga bila kujua jina lake. Ile picha ya baba Mkongo ameketi kwenye baraza, mbele yake kuna mkono mdogo na mguu mdogo wa mtoto, imepita sana kwenye simu zetu. Aliyeipiga aliitwa Alice Seeley Harris, Mwingereza. Hakuwa mpiga picha wa kazi. Alikuwa mmisionari mwenye kamera, jinsi wewe ulivyo fundi au mwalimu mwenye simu.

Alizaliwa mwaka 1870 katika mji wa Malmesbury. Kabla ya kwenda misheni alifanya kazi ya ofisi serikalini huko London, ile kazi ambayo mzazi yeyote angemwombea binti yake. Mei 1898 aliolewa na John Harris, na siku chache tu baada ya harusi wakapanda meli kwenda Kongo. Hiyo ndiyo ikawa fungate yao.

Kongo ya wakati huo haikuwa koloni la Ubelgiji. Tangu 1885 ilikuwa mali ya mtu mmoja, Mfalme Leopold wa Pili, ambaye hakuwahi kuikanyaga. Magurudumu ya upepo yalikuwa yameingia kwenye baiskeli na magari, mpira ukawa na soko kubwa, na misitu ya Kongo ilijaa mpira wa porini. Kampuni iliyoitwa ABIR ilipewa eneo kubwa ivune. Ndani ya eneo hilo, kando ya mto Maringa, ndiko kulikuwa na kituo cha misheni cha Baringa, ambako akina Harris walikuja kuhudumu.

Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo sehemu hii hunisumbua kwa namna yake. Kila kijiji kilipewa kiwango cha mpira wa kuleta. Mawakala wa kampuni walipata kamisheni kulingana na mpira uliopatikana. Walinzi wenye bunduki walihesabiwa risasi, na kwa risasi iliyotumika walitakiwa kuleta mkono wa kulia wa aliyeuawa, isije ikawa wameitumia kuwinda nyama. Wengine waliwinda kweli, halafu wakakata mikono ya watu walio hai ili hesabu ilingane. Hebu fikiria hiyo. Kuna lengo, kuna kamisheni, kuna hata ukaguzi. Karibu kila kitu tulichofundishwa darasani kiko pale, na binadamu ndiye hayuko.

Tarehe 14 Mei 1904, baba mmoja aitwaye Nsala, wa kijiji cha Wala, alifika Baringa. Kijiji chake hakikuwa kimetimiza kiwango. Walinzi walikuwa wamemuua mke wake na binti yake Boali, mtoto wa kama miaka mitano. Nsala alikuja amebeba kifurushi cha majani. Alipokifungua, ndani mlikuwa na mkono na mguu wa Boali. Ndivyo vilivyobaki.

Alice alimketisha kwenye ukingo wa baraza, akaweka vile viungo mbele yake, akapiga picha.

Hapa nataka tukae kidogo. Kuna mahubiri tunayoyajua kuhusu kamera na imani: kwamba bila mwanga hakuna picha, kwamba Mungu hutusafisha mahali pa giza jinsi filamu inavyosafishwa. Ni mahubiri mazuri, nimeyahubiri mwenyewe na nitayahubiri tena. Lakini somo la Alice ni gumu kuliko hilo. Kamera ya siku zile haikuwa kitu cha kutoa mfukoni na kubonyeza. Ilibidi aipange, alenge, asubiri, mtu naye atulie. Halafu kuna kazi ya gizani na dawa, picha inajitokeza polepole, na mpigaji yuko pale anaitazama inavyokuja. Kwa hivyo mtu wa kamera alikiona kitu kile kile zaidi ya mara moja, kwa kukusudia.

Mkisoma Luka 10 mtagundua kuhani alimwona yule mtu aliyepigwa na wanyang'anyi. Mlawi naye alimwona. Hakuna aliyepita kwa sababu ya macho mabovu. Shida ilikuwa kwamba walitazama kwa kiasi cha kuwatosha wao kuvuka barabara.

Sasa, kuna swali halali hapa, na vijana wetu wameniuliza. Ni sawa kumpiga picha mtu akiwa katika msiba? Ajali ikitokea barabarani siku hizi, wanaotoa simu ni wengi kuliko wanaotoa mkono, na video inafika kwa WhatsApp kabla ya majeruhi kufika hospitali. Mimi naona tofauti ni hii. Alice alikuwa miaka sita nchini humo. Nsala aliujua mlango wa kubisha. Na picha ile haikuwa ya kumfanya Alice aonekane. Yeye hayumo kabisa. Ilikuwa ushahidi, na ushahidi ni lazima upelekwe mahali unapoweza kumsaidia mwenye kesi.

Na ulipelekwa. Wamisionari wengine walikuwa wameandika barua za malalamiko tangu miaka ya 1890, na watu wa Leopold wakajibu kila mara kwamba ni uongo na chuki. Barua unaweza kuibishia. Picha ya Nsala ilikuwa vigumu kuibishia. Ilichapishwa mwaka huo huo katika kitabu cha E. D. Morel, mwanzilishi wa chama cha kutetea Wakongo. Mwaka 1905 Mark Twain aliandika kijitabu cha kejeli ambamo Leopold analalamika kwamba kamera ndiyo shahidi pekee aliyeshindwa kumhonga.

Lakini tusiseme kamera ilifanya yote. Tume ya uchunguzi ilipofika Baringa mwishoni mwa 1904, Wakongo walisimama kutoa ushahidi wenyewe. Chifu Lontulu wa Bolima alileta vijiti 110, kila kijiti ni mtu wake mmoja aliyeuawa, akavipanga mezani akivitenga: wakubwa, wanaume, wanawake, watoto. Alitaja jina kwa kila kijiti. Huyo mzee hakuwa na kamera, na sidhani kuna picha iliyozidi vile vijiti.

Alice na John walirudi Uingereza, wakaanza kuzunguka na picha hizo kwenye taa ya kuonyeshea ukutani, kitu kama projekta yetu, ila ya vioo. Mikutano mingi ilikuwa makanisani. Inafunguliwa kwa wimbo na maombi, kisha taa zinazimwa. Fikiria umekuja ibada umevaa vizuri, na ukutani anatokea Nsala. Walifanya mamia ya mikutano, Uingereza na Marekani. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachilia Kongo, ikawa chini ya serikali ya Ubelgiji.

Kuachilia si kukombolewa, na Alice alilijua hilo. Yeye na John walirudi Kongo 1911 na kamera, kuona wenyewe kama mambo yamebadilika. Ukatili ulikuwa umepungua. Kazi ya kulazimishwa ilikuwa haijaisha, na iliendelea kwa miaka mingi.

Ukipata nafasi wiki hii, pitia picha zilizo kwenye simu yako. Hesabu zile ulizojipiga mwenyewe, halafu hesabu zile za mtu ambaye ulirudi kwake baadaye kumuuliza anaendeleaje. Mimi nimefanya hesabu yangu, na sitaichapisha hapa.

John alipewa heshima ya mfalme mwaka 1933, na kwa hivyo mkewe akawa Lady Harris. Cheo hicho hakukipenda, aliwaambia watu wasimwite hivyo. Alifariki Novemba 1970 akiwa na miaka 100. Wakati huo Kongo ilikuwa na uhuru wake kwa miaka kumi.