Charles Wheatstone

Charles Wheatstone (Barnwood, karibu na Gloucester, 6 Februari 1802 - Paris, 19 Oktoba 1875) alikuwa mwanafizikia na mvumbuzi kutoka Uingereza. Wanafunzi wengi hulijua jina lake kupitia daraja la Wheatstone, sakiti ya kupimia ukinzani wa umeme, ingawa aliyeibuni kwanza ni Samuel Hunter Christie mwaka 1833. Kazi iliyo yake hasa ni stereoskopu, kifaa kinachofanya picha mbili bapa zionekane kama kitu kimoja chenye kina.

Familia yake ilifanya biashara ya muziki, naye alianza kwa kutengeneza ala. Mwaka 1834 akawa profesa katika King's College London. Aliona haya kuzungumza hadharani, hata Michael Faraday akatoa baadhi ya mihadhara kwa niaba yake.

Mwaka 1838 aliieleza Royal Society kwamba kila jicho huona kitu kutoka upande tofauti kidogo, na tofauti hiyo ndiyo hutupa kina. Alithibitisha kwa vioo viwili vilivyokutana kwa pembemraba, kila kimoja kikipeleka mchoro wake kwenye jicho lake. Upigaji picha ulikuwa bado haujatangazwa. Alitumia michoro ya mistari mitupu, na hivyo hakuna aliyeweza kudai kwamba kina kilitokana na vivuli.

Kanuni hiyo huhusu hata kingo za picha. Kingo za picha mbili huungana machoni kuwa fremu moja yenye umbali wake, ambayo wapigapicha huiita dirisha. Mtu akionekana mbele ya dirisha huku bega lake limekatwa na ukingo wa pembeni, macho hupata habari zinazopingana, kwa kuwa kitu kilicho mbele hakiwezi kufichwa na fremu iliyo nyuma yake. Hapo hupunguzwa upande wa kushoto wa picha ya jicho la kushoto na upande wa kulia wa picha ya jicho la kulia. Mandhari yote hurudi nyuma ya dirisha.

Mwaka 1849 David Brewster alitoa stereoskopu ndogo ya lenzi, iliyopendwa sana baada ya Maonyesho Makuu ya London ya 1851. Brewster alikana kwamba Wheatstone ndiye mvumbuzi wa kwanza, na mwaka 1856 walijibizana vikali katika gazeti la The Times. Wheatstone alikuwa amekwisha kutunukiwa nishani ya Royal Society mwaka 1840 kwa utafiti huo. Alipewa cheo cha Sir mwaka 1868.