Daktari Burkitt na Chakula cha Wimbi

Denis Burkitt alizaliwa Ireland mwaka 1911. Alipokuwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho moja, na baadaye alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni alikataliwa kwa ajili ya jicho hilo. Hata hivyo mwaka 1946 alifika Uganda, akawekwa Lira, kisha akahamia Mulago.

Mwaka 1957 alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Baada ya majuma machache, akiwa Jinja, akachungulia dirishani akaona mtoto mwingine wa namna ile ile. Basi akaanza kuuliza. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu maili 10,000 hata Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Uvimbe ule, ambao ni kansa, ulipatikana penye joto, mvua na malaria nyingi; penye baridi ya milimani ulikuwa nadra. Sisi wa Iyolwa twajua tumo upande gani! Siku hizi imefahamika kwamba malaria ya mara kwa mara huivuruga kinga ya mwili, na virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa mwaka 1964, vikapata nafasi. Watoto wengi walipona kwa dawa.

Lakini mimi napenda zaidi habari ya tumbo. Aliporudi Uingereza, Burkitt aliona wagonjwa wengi wa kidole tumbo na wa kansa ya utumbo mpana, maradhi aliyoyaona kwa nadra Mulago. Pamoja na Daktari Hugh Trowell, mwenzake wa Uganda, akasema sababu ni chakula: wimbi, maharage na mboga vina makapi, unga mweupe umeondolewa makapi. Wengine walimcheka, maana aliwaonyesha mabwana wenye heshima picha za choo. Alifariki mwaka 1993.

Si yote aliyoyasema yaliyothibitika, na habari ya kansa bado yabishaniwa. Ila makapi yamepata sifa mpya. Matumbo yetu hayawezi kuyasaga. Vijidudu wa utumbo mpana ndio wanaoyala, wakatoa asidi inayolisha ukuta wa utumbo na kuwatuliza askari wa mwili, wasipigane ovyo na vijidudu wema. Katika panya walionyimwa makapi, vijidudu waligeuka wakala ute unaoufunika ukuta wenyewe, na maradhi yakapenya kwa urahisi.