Carey Francis, prefe aliyerudi kuwa mwalimu wa kawaida

Edward Carey Francis alizaliwa Uingereza mwaka wa 1897. Alipigana vita ya kwanza ya dunia, kisha akafundisha hesabu kwenye chuo kikuu cha Cambridge. Mwaka wa 1928 aliacha kazi hiyo nzuri, akaja Kenya kuongoza shule ya misioni ya Maseno.

Mwaka wa 1940 akawa prefe wa Alliance High School, shule ya sekondari iliyofunguliwa na makanisa ya Kiprotestanti kule Kikuyu mwaka wa 1926. Alikaa hapo miaka 22. Alikuwa mkali: saa ni saa, kazi ni kazi. Wengine walimuona kuwa mzungu wa ukoloni tu. Lakini inchi ilipopata uhuru mwaka wa 1963, mawaziri wengi walikuwa wamesoma Alliance.

Yeye alikuwa amestaafu mwaka wa 1962. Hakurudi kwao. Alienda Pumwani, mtaa wa maskini mjini Nairobi, akafundisha kama mwalimu wa kawaida, chini ya mkubwa mwingine, mpaka kifo chake mwaka wa 1966.

Huku Bweremana wazazi wanajua: shule inaweza kukosa bati, lakini ikikosa mwalimu, imekufa.