Thomas Robert Malthus

Thomas Robert Malthus (13 Februari 1766 – 29 Desemba 1834) alikuwa kasisi wa Kanisa Anglikana, mwanauchumi na profesa kutoka nchini Uingereza. Anajulikana hasa kwa insha yake ya mwaka 1798 kuhusu ongezeko la watu, ambamo alieleza kwamba idadi ya watu huelekea kukua haraka kuliko chakula. Nadharia hiyo hutajwa hadi leo watu wanapojadili kama dunia ina watu wengi mno, ingawa mengi aliyoyatarajia hayakutokea.

Maisha ya awali

Malthus alizaliwa karibu na mji wa Dorking, katika kaunti ya Surrey, kusini mwa Uingereza. Baba yake, Daniel Malthus, alikuwa msomi mwenye mali aliyefahamiana na wanafalsafa David Hume na Jean-Jacques Rousseau. Robert, kama alivyoitwa nyumbani, alizaliwa na mdomo wa sungura na kaakaa lililopasuka, hali iliyoathiri matamshi yake maisha yote.

Mwaka 1784 alijiunga na Jesus College katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Alihitimu mwaka 1788 akiwa miongoni mwa wanafunzi bora wa hisabati. Mwaka 1789 aliingia katika utumishi wa Kanisa na kuhudumu Okewood, Surrey, mahali palipokaliwa na vibarua maskini wa mashambani.

Insha ya mwaka 1798

Baada ya mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789, waandishi kadhaa waliamini kwamba binadamu wangeweza kuondoa umaskini kabisa kwa kutumia akili na kubadilisha sheria. Kati yao walikuwa William Godwin wa Uingereza na Condorcet wa Ufaransa. Daniel Malthus alipendezwa na mawazo ya Godwin, lakini mwanawe aliyapinga. Kutokana na mabishano yao ilizaliwa insha iliyotolewa London mwaka 1798 bila jina la mwandishi.

Hoja yake ilikuwa rahisi. Idadi ya watu, isipozuiwa, huongezeka kwa kuzidishwa. Chakula huongezeka kwa kujumlishwa tu, kwa sababu ardhi nzuri ina mwisho. Malthus aliona kwamba katika makoloni ya Amerika ya Kaskazini, ambako ardhi ilikuwa tele, watu waliongezeka maradufu katika muda wa miaka 25 hivi. Kwa hiyo alitoa mfano wa Uingereza yenye watu milioni 7 na chakula cha kuwatosha. Kila baada ya miaka 25 watu wangekuwa milioni 14, 28, 56, na baada ya karne moja milioni 112. Chakula, hata kama kingeongezwa kwa kiasi kilekile kila miaka 25, kingetosha watu milioni 14, 21, 28 na mwishowe 35. Watu milioni 77 wangebaki bila riziki.

Malthus hakusema kwamba hali hiyo ingefikiwa. Alieleza kwamba daima kuna vizuizi vinavyoirudisha idadi ya watu chini. Vingine huongeza vifo, kama njaa, maradhi na vita. Vingine hupunguza uzazi, hasa watu wanapochelewa kuoa kwa kuhofia kushindwa kulea familia.

Toleo la pili na maisha ya baadaye

Mwaka 1799 Malthus alisafiri Ujerumani, Uswidi, Norwei, Ufini na Urusi akikusanya habari za vyakula, mishahara na ndoa. Mwaka 1803 alitoa toleo la pili, kubwa zaidi na lenye jina lake. Humo alilegeza msimamo wake na kusisitiza kwamba watu wanaweza kuepuka mateso kwa hiari, kwa kuchelewa kuoa na kuishi kwa usafi wa moyo hadi watakapomudu kulea watoto. Njia za kuzuia mimba hakuzikubali, ingawa baadaye watetezi wa uzazi wa mpango walitumia jina lake.

Mwaka 1804 alimwoa Harriet Eckersall, wakapata watoto watatu. Mwaka uliofuata aliteuliwa kuwa profesa wa historia na uchumi katika chuo cha Kampuni ya Uhindi wa Mashariki, kilichohamia baadaye Haileybury. Huko alifundisha vijana waliotumwa kuitawala Uhindi. Mara nyingi hutajwa kuwa profesa wa kwanza wa uchumi nchini Uingereza.

Alikuwa rafiki mkubwa wa mwanauchumi David Ricardo, ingawa hawakukubaliana kuhusu ushuru wa nafaka wala sababu za biashara kudorora. Kitabu chake cha mwaka 1820 kilidai kwamba uchumi unaweza kukwama kwa kukosa wanunuzi. Wazo hilo lilisifiwa na John Maynard Keynes karne moja baadaye. Malthus alifariki mwaka 1834 mjini Bath akazikwa katika kanisa la abasia la mji huo.

Athari

Malthus alipinga Sheria za Maskini, zilizozitaka parokia kuwasaidia wahitaji. Aliona kwamba misaada iliwahimiza watu kuoa mapema, ikaongeza idadi ya maskini na kupandisha bei ya chakula. Bunge lilipotunga sheria mpya mwaka 1834, misaada ilipunguzwa na wahitaji wengi wakalazimika kuingia katika nyumba za kazi zenye masharti makali. Mawazo ya Malthus yalichangia mabadiliko hayo.

Njaa kuu ilipotokea katika kisiwa cha Eire kuanzia mwaka 1845, baada ya ugonjwa kuharibu viazi, watu karibu milioni moja walikufa na wengine zaidi ya milioni moja wakahama. Ofisa aliyesimamia misaada ya serikali kutoka London, Charles Trevelyan, alikuwa amesoma Haileybury wakati Malthus akifundisha huko. Chakula kiliendelea kusafirishwa nje ya kisiwa wakati watu wakifa. Wakosoaji wengi huona katika tukio hilo hatari ya kuhesabu njaa kuwa kazi ya maumbile badala ya matokeo ya maamuzi ya watu.

Katika sayansi, Charles Darwin aliisoma insha mwaka 1838 na kupata humo wazo la viumbe kushindania uhai. Alfred Russel Wallace naye aliikumbuka mwaka 1858 na kufikia nadharia kama hiyo peke yake.

Ukosoaji

Karl Marx alidai kwamba umaskini wa wafanyakazi hutokana na mfumo wa kibepari, si wingi wa watoto wao. Mwaka 1965 Ester Boserup alionyesha kwamba ongezeko la watu linaweza kuwafanya wakulima wabuni njia bora za kilimo. Amartya Sen alieleza mwaka 1981 kwamba njaa hutokea hata chakula kikiwepo, ikiwa watu hawana uwezo wa kukipata.

Historia nayo ilikwenda tofauti. Uingereza na Wales zilikuwa na watu milioni 8.9 katika sensa ya kwanza ya mwaka 1801 na milioni 13.9 mwaka 1831, bila janga alilolihofia. Baadaye mbolea za viwandani na mbegu bora ziliongeza mavuno kupita alivyowaza. Tena, katika nchi nyingi familia zilianza kuzaa watoto wachache kadiri vifo vya watoto vilivyopungua na wasichana walivyosoma.

Hata hivyo, dunia iliyokuwa na watu wapatao bilioni moja katika siku za Malthus ilifikia bilioni 8 mwaka 2022. Swali lake limehamia kwenye maji, misitu, rutuba ya udongo na tabianchi. Majibu ya leo huzingatia pia kiasi ambacho kila mtu anatumia na jinsi mali inavyogawanywa, mambo ambayo hesabu yake ya mwaka 1798 haikuyapa uzito.