Cecil Rhodes (1853–1902): Jitu la Katuni ya 1892

Cecil John Rhodes alizaliwa mwaka 1853 huko Bishop's Stortford, Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi. Kwa kuwa afya yake haikuwa nzuri, mwaka 1870 alipelekwa Natal, kusini mwa Afrika, kwa kaka yake aliyekuwa akilima pamba. Utajiri hakuupata kwenye pamba bali kwenye almasi za Kimberley. Mwaka 1888 aliunda kampuni ya De Beers. Mwaka 1889 kampuni yake nyingine, British South Africa, ilipewa hati ya kifalme iliyoiruhusu kutawala nchi za kaskazini mwa mto Limpopo. Mwaka 1890 akawa Waziri Mkuu wa Koloni la Cape.

Mtahiniwa, ishike miaka hiyo mitatu, kwani bila hiyo katuni maarufu ya Rhodes haisomeki. Desemba 1892, muda mfupi baada ya Rhodes kutangaza mpango wa kujenga njia ya telegrafu kutoka Cape hadi Cairo, gazeti la vichekesho la Punch, London, lilichapisha mchoro wa Edward Linley Sambourne. Rhodes ni jitu lililosimama juu ya ramani ya Afrika, mguu mmoja Cape, mwingine Cairo. Mikononi ameunyoosha waya wa telegrafu, na bunduki imening'inia mgongoni.

Wengi huishia hapo: wanaeleza wanachokiona, kisha wanashangaa alama zimekwenda wapi. Mchoraji alicheza na jina. Rhodes ni pia kisiwa cha Ugiriki, na zamani palikuwa na sanamu kubwa mno ya shaba ya mungu wa jua, moja ya maajabu saba ya dunia ya kale. Hadithi za baadaye zilidai kwamba ilitanua miguu juu ya lango la bandari. Lakini tetemeko la ardhi la mwaka 226 KK liliiangusha, ikiwa haijafikisha hata miaka 60. Kwa hiyo anayefananishwa na sanamu hiyo anakuzwa na kuchekwa kwa pamoja. Jibu linalosema katuni inamsifu tu ni nusu ya jibu.

Tazama pia kisichochorwa. Chini ya jitu hakuna Mwafrika hata mmoja, kana kwamba bara zima ni uwanja mtupu. Wala hakuna Mjerumani, ingawa mkataba wa 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani ulikuwa umeiacha Afrika Mashariki ya Kijerumani ikipakana na Kongo ya Mfalme Leopold, na hivyo kuifunga njia ya Waingereza. Mwaka 1899 Rhodes alilazimika kwenda Berlin kumwomba Kaizari Wilhelm II ruhusa ya kupitisha waya huo katika ardhi ambayo leo ni Tanzania Bara. Jitu lilipiga hodi!

Wakati huo nguvu zake zilikuwa zimepungua. Uvamizi wa Jameson dhidi ya Transvaal, ulioanza mwishoni mwa 1895, ulishindwa, na Januari 1896 Rhodes akajiuzulu uwaziri mkuu. Mwaka huohuo Wandebele na Washona waliinuka dhidi ya kampuni yake. Alifariki Machi 1902 akiwa na miaka 48, akazikwa katika milima ya Matopo. Nchi mbili zilizobeba jina lake sasa ni Zambia, tangu 1964, na Zimbabwe, tangu 1980.